Shemeji Asikie Kwanza

Siku ya kuniaga kituoni mlinipa tangi la maji. Kwa mtu wa Kitengela, mji wa mifereji mikavu, hiyo si zawadi, ni pensheni, kwa hivyo ahsanteni sana. Lakini kabla sijamaliza kipande changu cha keki, Achieng, msichana mnayemwachia kipindi changu, akaniuliza mbele ya watu wote: "Mama Mutheu, hii maneno ya shemeji ni lazima kweli? Si mtu atume tu story yake kwa WhatsApp, tuiskize, tuirushe hewani?" Nilikuwa na keki mdomoni, na mimi siongei nikitafuna. Namjibu sasa. Nyinyi wengine someni pia, maana najua nyote mlitaka kuuliza, ni yeye tu alikuwa na ujasiri.

Nilipoajiriwa, redio yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la hardware. Studio ilikuwa na trei za mayai zilizobandikwa ukutani kuzuia mwangwi, nyingine zikiwa bado na manyoya ya kuku. Chini yetu kulikuwa na fundi wa welding. Mnaodhani nilianza kwa kushika maikrofoni mnakosea. Kazi yangu ya kwanza kwa utangazaji ilikuwa kushuka ngazi mbio kila mgeni alipofika mahali pa kulia.

"Fundi, zima grinder tafadhali. Kuna mtu analia huko juu."

"Alie haraka, mama. Niko na geti ya wenyewe."

Mkubwa wetu wa vipindi alikuwa Mzee Barasa, mtu wa Bungoma, mnene, mpole, mwenye kicheko cha kutikisa meza. Yeye ndiye alianzisha *Njia Niliyopita*, kipindi cha Ijumaa ambacho mtu wa kawaida huja kusimulia kipande cha maisha yake, hewani moja kwa moja. Siku yangu ya kwanza aliniketisha chini akaniambia: "Mama Mutheu, maisha ya mtu ni kama choo cha ploti. Ufunguo uko nao, ni kweli. Lakini wapangaji ni wengi." Mimi nilitoka Wote nikiwa na cheti cha uandishi wa habari na viatu vipya, nikajiuliza ni kazi gani hii nimekuja kufanya.

Nilielewa baada ya wiki chache tu. Alikuja mwalimu wa kwaya mmoja, tumwite Kioko, mwenye suti ya rangi ya kahawia na kidole kimoja kimekatika. Akasimulia jinsi fisi alivyomvamia usiku katika mbuga za Athi, jinsi alivyopigana naye kwa mikono mitupu akiimba pambio, na jinsi fisi alivyoondoka na kidole badala ya roho. Alikuwa na sauti nzuri huyo mtu! Nililia mpaka nikasahau kushuka kwa fundi. Simu zikafunguliwa ili wasikilizaji wampongeze. Wa kwanza kupiga akasema, taratibu kabisa:

"Mimi ni shemeji yake, ndugu ya bibi yake. Hebu mumuulize, huyo fisi alikuwa wa stima ama wa dizeli? Kwa sababu hiyo kidole ilibaki kwa posho mill, na unga tulikula."

Mzee Barasa alicheka mpaka akatoka nje ya studio. Mimi pia nilicheka, siwadanganyi. Lakini Kioko alishuka zile ngazi akiwa ameshika ukuta, na kuanzia siku hiyo watoto wa mtaa walimwita Fisi. Wanakwaya walipoanza kumwita hivyo pia, alihamisha familia yake akaenda kuishi Kware, huko Rongai. Mtu alihama mji kwa sababu ya dakika zetu ishirini. Mzee Barasa alipopata habari hizo hakucheka tena. Aliniambia, "Huyo shemeji tungempata siku moja mapema, Kioko angekuwa bado anaimba."

Hapo ndipo sheria ilizaliwa: hakuna mtu kwenda hewani kabla shemeji yake hajaisikia hadithi nzima, jikoni pale kituoni, mlango ukiwa umefungwa, bila kurekodi.

Mtaniuliza kwa nini shemeji. Tulijaribu wengine wote. Mke ameshaisikia hadithi hiyo mpaka anasinzia kabla haijaanza. Mama mzazi atasema ni nzuri hata ukimsomea risiti ya maji. Rafiki wa kilabu hukumbuka mambo kulingana na nani ananunua. Mtu wa kikundi cha maombi husema "Amina" hata mahali ulipokosea. Adui naye atakata hadi sehemu nzuri. Na huko kwa WhatsApp, Achieng, utapata makofi na mioyo kutoka kwa watu ambao hawajafungua hiyo sauti, wengine wakiwa msalani.

Lakini shemeji! Shemeji alikuona siku ya mahari ukitoka jasho. Amekula kwako, amelala kwa kochi lako, amekuona na kaptura iliyotoboka. Ana ruhusa ya kukucheka machoni na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Na papo hapo hawezi kukumaliza, kwa sababu aibu yako itaingia kwa nyumba ya dada yake. Watu wa pwani wanatenganisha shemeji na wifi, wana mambo yao mazuri. Sisi huku bara kila aliyeingia kwa harusi ni shemeji, na kituo chetu kilimkubali yeyote.

Sasa kuhusu maswali. Msimuulize shemeji kama hadithi ni nzuri. Kila mtu aliyepewa chai na mandazi husema ni nzuri. Muulizeni ni wapi alitamani kuangalia simu yake, hapo mkate. Muulizeni ni wapi alimwonea huyu mtu aibu, hapo mkae mfikirie. Halafu kuna swali la Mzee Barasa, ambalo nimeliuliza mpaka nikastaafu nalo: "Hii ikitoka hewani, nani ataacha kumsalimia?"

Si kwamba mambo yalikwenda sawa kila mara. Kulikuwa na bwana mmoja alileta dada ya mkewe kutoka Kimana. Mama huyo alifika na gunia la vitunguu kama zawadi, akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Ni sawa, lakini yangu ni kali kuliko hii." Akaisimulia. Ilikuwa kali kweli. Ijumaa hiyo tulimweka hewani yeye, na hatukuhangaika kumtafutia shemeji wa kumsikiliza, kwa kuwa wake alikuwa hapo hapo amekaa na gunia mapajani, amenuna.

Lakini kama mtasahau yote haya, msimsahau Koinet.

Alikuja kituoni asubuhi moja, mwanamume mrefu wa makamo, na fungu la funguo kiunoni lililolia kila alipopiga hatua. Alikuwa caretaker wa flati za gorofa nne hapa hapa Kitengela. Shamba ambalo flati hizo zimesimama juu yake lilikuwa lake. Aliachiwa na babake, akaliuza akiwa kijana, akanunua pikipiki na pickup, na baada ya muda akabaki na helmeti. Aliyenunua alipomaliza kujenga alitafuta mtu wa kukaa getini, na Koinet akaomba kazi.

"Hapo zamani nilikuwa nafungulia ng'ombe," aliniambia. "Siku hizi nafungulia Probox za wapangaji. Chumba yangu iko pale pale boma ya ng'ombe ilikuwa. Tofauti ni ng'ombe hawakuwa wananunua token ya stima."

Alitaka kuyasema hewani kwa sababu vijana wa kwao, huko mbele ya Kajiado mjini, walikuwa wameanza kupanga foleni kwa mabroka wa mashamba. Mmoja wao alikuwa mtoto wa ndugu yake. "Wakiambiwa na serikali hawaskii," alisema. "Wakiniskia mimi nikijicheka, labda." Nilimpenda hapo hapo. Nikamwandika Ijumaa, nikamwambia alete shemeji.

Alimleta Silantoi, dada mdogo wa mkewe, anayeuza maziwa karibu na stage ya matatu. Silantoi alikuwa shemeji kama vitabuni. Alimkatiza kila baada ya sentensi mbili. "Usiruke ile siku uliingia na pikipiki ndani ya kanisa!" "Weka hiyo ya miwani ya jua usiku!" Alicheka mpaka akajifuta machozi na shuka. Nikajua tuna kipindi. Nikauliza lile swali kama mtu anayefunga tu hesabu: hii ikitoka, nani ataacha kumsalimia?

Silantoi akaweka kikombe chini. "Yeyo," akasema.

Yeyo kwa Kimaasai ni mama, na huyo alikuwa mama mzazi wa Koinet. Niligeuka nikamwangalia mwenyewe. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mwambie," Silantoi akasema. "Ama nimwambie."

Ikatoka polepole. Yeyo aliamini zile flati ni za mwanawe. Alikuja kumtembelea mara ya kwanza, akamkuta na funguo zote, akifungua na kufunga. Akaona mwalimu wa gorofa ya tatu akimjia kwa unyenyekevu kumwuliza maji yatarudi lini. Akaona watu wenye tai wakimsalimia. Akajumlisha mwenyewe.

"Mimi sikumwambia uongo," Koinet alisema. "Sikumwambia tu."

Na Yeyo, kwa furaha, alikuwa amefanya kile mama wa Kimaasai hufanya. Alichukua kibuyu cha maziwa na majani mabichi, akapanda gorofa zote nne na magoti yake ya uzee, akinyunyiza na kutema mate ya baraka kwa kila mlango. Mama mmoja wa Kakamega alifungua mlango, akakuta mkeka wake umelowa, akapiga nduru akidhani ni uchawi. Koinet alimwambia ni dawa ya mende.

Nilicheka kwa sauti, kisha nikaona hakuna mwingine anayecheka.

"Kwetu mtu anaweza kukaa bila shamba," Koinet akasema. "Mimi si nimekaa? Lakini bila baraka ya mama hawezi kukaa. Akiniondolea, nimekwisha. Na redio ako nayo. Ni mimi nilimnunulia."

"Na Ijumaa huwa anaitundika kwa ua," Silantoi akaongeza, "ndiyo wanawake wote waskie."

Nikapendekeza tubadilishe jina lake. Silantoi akaniangalia kwa huruma. "Mtabadilisha jina, mtabadilisha sauti, sawa. Flati mtaficha wapi?" Nikapendekeza tuache kabisa. Koinet akakataa, akataja jina la yule mtoto wa ndugu yake, kwamba broka alishamnunulia soda mara mbili. Mwishowe nikampigia simu Mzee Barasa, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na kurudi Bungoma kufuga kuku. Nilimweleza yote. Akakohoa, akasema, "Basi nendeni mkamsimulie huyo mama kwanza. Na mbebe sukari."

Tulienda Jumamosi kwa gari la kukodi, mimi, Koinet na Silantoi. Tulipofika, Koinet aliinamisha kichwa, mamake akakigusa kwa kiganja. Mimi nikamsalimu, "Yeyo, takwenya!" akaitika "Iko!" akatabasamu na meno mawili, akapokea sukari, akauliza habari ya nyumba. Si nyumba ya kulala. Alimaanisha flati.

Koinet alianza kusimulia kwa Kimaasai, Silantoi akininong'oneza Kiswahili. Alianza na pikipiki na kanisa, palipotuvunja mbavu sisi. Bibi kizee hakucheka hata kidogo. Koinet alipofika pa kuuza shamba, Yeyo aliinua mkono.

"Ngoja. Wale watu wa pale ni wa nani?"

"Ni wapangaji, Yeyo. Lakini si wangu."

"Ile milango?"

"Si yangu."

"Tangi ya juu?"

"Si yangu."

"Yule paka?"

"Paka ni wangu."

Yeyo akasimama na fimbo yake. Nikasogeza chai kando, nikijua mwanamume mwenye mvi anakaribia kuchapwa mbele yangu. Lakini fimbo alikuwa anaielekeza Kitengela.

"Maziwa yangu!" akapaza sauti. "Magoti yangu haya! Gorofa nne! Nimepanda gorofa nne nikabariki mali ya tajiri mimi hata simjui, na yeye hajanipa hata mbuzi!"

Silantoi aliuma shuka. Mimi nilijitahidi, Mungu ni shahidi, lakini kicheko kikanitoka puani. Yeyo akanigeukia. "Na huyu Mkamba anacheka nini?" Halafu akaingia ndani, akafunga mlango.

Koinet aliketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji uliolazwa chini. "Nimejimaliza," alisema. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Si heri ningenyamaza?" Niliogopa sana siku hiyo. Nilishazoea kuona watu wakilia kwa sababu ya hadithi zao, lakini wakilia kwangu, penye kiti na kitambaa. Hapa nilikuwa nimemleta mtu kwa mamake mwenyewe nikamvunja mbele ya mlango uliofungwa, na hata kipindi hakijatoka. Nilijaribu kufikiria kama ingekuwa bora Yeyo asikie kwa redio, imetundikwa uani, majirani wote wamekaa. Hapana. Hilo nililijua. Lakini halikunisaidia kumtazama yule mtu usoni.

Mlango ulipofunguliwa, Yeyo alikuwa amevaa shanga zake zote, na kibuyu mkononi.

"Twende," akasema.

"Wapi, Yeyo?"

"Kitengela. Nachukua baraka zangu."

Njia nzima alikaa mbele na dereva, kibuyu mapajani. Koinet alimsihi mpaka Isinya, akachoka. Baraka ikishatolewa hurudishwaje, sikuwa najua, na sikuthubutu kuuliza. Silantoi alininong'oneza kwamba hata yeye hajawahi kuona.

Tulifika getini. Wapangaji walikuwa wanaanika nguo. Yule mama wa Kakamega alimwona bibi na kibuyu, akakimbilia mkeka wake akauingiza ndani. Yeyo hakupanda ngazi. Alimwuliza Koinet, "Wewe unalala wapi?" Hapo uongo ulikuwepo: siku zote alikuwa amemwambia analala juu, chumba cha mwisho, kwamba kimefungwa kwa sababu ya rangi. Sasa akamwonyesha kachumba ka getini. Yeyo akaingia peke yake, akavuta mlango. Sisi tulibaki nje tukisikiliza, na hatukusikia kitu. Alikaa humo mpaka paka akachoka kukwaruza mlango.

Alitoka, akapanda gari. Kwa mwanawe hakusema neno. Mimi aliniambia, kwa Kiswahili chake kichache, "Ijumaa mimi nakuja. Hakuna mtu ataongea hiyo nyumba kama mimi siko."

Kwa hivyo kutoka Jumamosi mpaka Ijumaa Koinet hakujua kama amebarikiwa ama amelaaniwa. Alikonda. Alipofika studio nilimwambia tena kwamba anaweza kuacha, hakuna aibu. Akasema mamake ameamka alfajiri akasafiri, atamwambia arudi?

Waliketi watatu mezani: Koinet, Yeyo na Silantoi. Koinet alisimulia yote, pikipiki, helmeti, boma, token, na safari hii aliongeza yale ambayo hakuyatia katika hadithi yake ya kwanza jikoni: dawa ya mende, chumba cha rangi, kimya chake. Akamtaja yule kijana kwa upole, akamwambia, "Hiyo soda imalize, lakini usiweke sahihi." Simu ziliwaka zote. Sikufungua hata moja. Nilimwona akimgeukia mamake, nikajua anataka kuuliza, na nikajua hilo halimo katika mpango wetu. Niliondoa mkono wangu kwa vitufe nikamwachia.

Alimwuliza kwa Kimaasai, polepole. Hata mimi nilielewa: Yeyo, zile baraka ulizichukua?

Yule mama alijibu maneno marefu kidogo, akiangalia maikrofoni kana kwamba ndiyo iliyouliza. Koinet alipaswa kututafsiria. Akainama juu ya meza, mabega yakitikisika. Redio nzima ikanyamaza, na nyinyi mnajua redio ikinyamaza watu hudhani stima imepotea.

Silantoi akaivuta maikrofoni kwake.

"Mimi ni shemeji yake," akasema, "wacha niwaambie. Yeyo anasema alikuja kuzichukua. Halafu akafungua kale kachumba, akaona kitanda ya kijana yake. Anasema hajui vile ataondoa baraka kwa nyumba bila kuondolea mtoto, na mtoto ndiye ako ndani. Kwa hivyo zikae. Huyo tajiri naye akule zetu bure."